Kikohozi cha usiku kisichosikia dawa: Umeitazama feni ya kiyoyozi chako?



Ndugu msomaji, siku moja baada ya swala ya alasiri aliingia chumbani kwangu mama mmoja na mwanawe wa kiume wa miaka mitano. Alikuwa na daftari la mtoto lililojaa maandishi, na katika kurasa mbili za mwisho niliona amoksilini imeandikwa mara tatu ndani ya miezi miwili. Mtoto anakohoa usiku, mchana anacheza. Hana homa, anakula, uzito haujapungua. Nilipomsikiliza kifua nikasikia mluzi mwembamba kila anapotoa pumzi.

Nikamuuliza mama maswali ambayo humuuliza kila mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo. Mnapikia wapi? Kuna anayevuta sigara? Kuna paka ndani? Akanijibu yote kwa subira, kisha akasema kwa fahari kidogo: "Daktari, huyu analala chumbani kwangu, kuna kiyoyozi. Madirisha hatufungui hata siku moja, vumbi halimfikii." Nikamuuliza kama kuna siku mtoto aliwahi kulala bila kukohoa. Akafikiri. "Tulipokwenda Tanga kwa bibi yake, kwenye arusi. Siku kumi hakukohoa. Tumerudi, usiku uleule ameanza."

Kwa bibi hakuna kiyoyozi. Nikamwomba mama afanye jambo moja tu: kesho mchana, mashine ikiwa imezimwa kabisa, amulike tochi kwenye mdomo wake pale hewa inapotokea, apige picha kwa simu aniletee. Picha aliyoleta sikuhitaji kuikuza. Mapanga ya feni yalikuwa yamevaa manyoya meusi ya vumbi na ukungu, kiasi kwamba huoni nafasi kati ya panga na panga. Hewa yote anayoivuta mtoto yule kwa saa tisa za usiku ilikuwa ikipita pale.

Mimi ni tabibu, si fundi. Haya ya mashine nimefundishwa na shemeji yangu ambaye kazi yake ni mafriji na viyoyozi, na mengine nimeyaona kwa macho yangu nikimshikia ngazi. Lakini kwa kuwa wagonjwa wa kifua na pua wanaotoka kwenye vyumba hivi wamekuwa wengi, na kwa kuwa viyoyozi sasa vimeingia misikitini, madrasa na hata nyumba za kawaida za kupanga, nimeona safu hii izungumze juu ya feni hiyo.

Feni moja, kazi mbili

Wengi wetu tunaamini kiyoyozi kinaleta hewa safi kutoka nje. Sivyo. Kile cha ukutani ambacho tumekizoea huvuta hewa ya humohumo chumbani kwa juu, huipitisha kwenye chujio, kisha kwenye mabomba yenye vibati vyembamba vya aluminiamu, halafu feni ya ndani huitema tena chumbani kwa chini. Feni yenyewe haifanani na pangaboi. Ni ndefu na ya mviringo kama mchi, imezungukwa na mapanga madogo yaliyopinda mfano wa kijiko. Kinachokwenda nje ni joto linalobebwa na gesi, pamoja na maji yanayodondoka kwenye bomba. Hewa mnayoitoa vifuani mwenu hubaki mle mle.

Mashine nyingi zinazouzwa siku hizi zinapoza na zinapasha joto. Mkibadilisha kwa rimoti, gesi hugeuza njia: mabomba ya ndani yaliyokuwa baridi huwa ya moto, na yale ya nje huwa baridi. Feni ya ndani ni ileile. Basi ikichafuka, inawachafulia hewa ya kaskazi na ya kusi pia.

Na inachafukaje? Mashine ikipoza, mvuke uliomo hewani hugeuka maji juu ya vile vibati, kama jasho kwenye glasi ya maji ya barafu. Hapo kuna unyevu. Chujio huzuia vumbi kubwa, lile jembamba hupita. Ndani hakuna jua. Unyevu, vumbi na giza, ukungu hautaki zaidi ya hapo. Kwetu pwani unyevu wa hewa ni mwingi mwaka mzima, kwa hiyo kazi hiyo huenda haraka kuliko Dodoma.

Kuna jambo jingine ambalo najua baadhi ya mama zetu hawatapenda nilitaje, nalo ni udi. Chumba kimefungwa, kiyoyozi kinavuma, na chetezo kipo sakafuni kinafuka. Moshi ule wenye mafuta hunata kwenye chujio na kwenye mapanga, na vumbi la kesho hunata juu yake. Sisemi msifukize. Fukizeni mashine ikiwa imezimwa na madirisha yakiwa wazi, moshi utoke, ndipo mfunge. Mwenye pumu asiwepo chumbani wakati huo. Dawa ya kunyunyiza mbu nayo ni hivyo hivyo.

Anachokipata aliyelala chini yake

Ukungu na vumbi vikipeperushwa na feni huamsha pumu kwa mwenye pumu, na kwa wengine huleta mafua ya mzio: chafya nyingi asubuhi, pua kuziba, macho kuwasha. Hewa ya kiyoyozi pia ni kavu na ya baridi, nayo peke yake inaweza kukausha koo na kubana kifua cha mwenye pumu, hasa feni ikimpiga usoni usiku kucha. Wakati wa Ramadhani wapo wanaolalamika koo kukauka kabla ya adhuhuri. Nikiwauliza, wamelala baada ya alfajiri chini ya mdomo wa mashine.

Hata hivyo tusikibebeshe kiyoyozi makosa yasiyo yake. Baridi haizai nimonia, nimonia huletwa na vijidudu. Mtoto anayehema haraka, ambaye ngozi chini ya mbavu inaingia ndani anapovuta pumzi, ambaye hawezi kunywa au midomo yake inageuka rangi, huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, usimwite fundi kwanza. Na mtu mzima aliyekohoa wiki mbili au zaidi akapime makohozi kwa ajili ya kifua kikuu, hata kama mashine yake ni chafu namna gani.

Nimeulizwa pia kuhusu ule ugonjwa wa Marekani. Mwezi Julai 1976 maaskari wastaafu walikutana hotelini mjini Philadelphia, wakaugua homa kali ya mapafu. Zaidi ya watu 180 waliugua na wasiopungua 29 wakafariki, na mwaka 1977 bakteria aliyesababisha akatambuliwa. Bakteria huyo hukaa kwenye maji, na mitambo inayomsambaza ni ile mikubwa ya majengo inayopoza kwa kurusha maji. Kiyoyozi cha ukutani cha nyumbani hakitumii maji kupoza, kwa hiyo hofu hiyo iondoeni. Hofu ya ukungu ibakizeni.

Kabla hujamwita fundi

Shemeji yangu anasema simu nyingi anazopigiwa hazikuhitaji fundi. Ya kwanza ni hii: "Mashine inatoa joto, gesi imekwisha." Akifika anakuta kwenye rimoti kuna alama ya jua. Mtoto amebonyeza. Alama ya theluji ni kupoza, jua ni kupasha joto, tone la maji ni kukausha unyevu, na ile ya feni ni kupuliza tu. Tazama hapo kwanza, utaokoa nauli ya mtu.

Ya pili huwapata ndugu zetu wa Njombe, Mbeya, Iringa na Arusha miezi ya Juni na Julai. Wanawasha upande wa joto, taa inawaka, feni haizunguki. Si ubovu. Mashine inangoja mabomba ya ndani yapate moto ili isiwapulizie baridi, na hili huchukua dakika chache. Baadaye tena inaweza kusimama ghafla katikati ya usiku, kwa sababu ile ya nje imeshika barafu na mashine inaiyeyusha. Ngoja kama dakika kumi. Vivyo hivyo ukiweka alama ya tone la maji, feni hujichagulia mwendo wake wa polepole, na kitufe cha kasi hakisikii ukibonyeza.

Sasa kama umeweka kasi ya juu kabisa na upepo unaotoka ni wa kuombea dua, anza na chujio. Likiwa safi, mulika tochi mapanga ya feni kama yule mama. Nayo yakiwa safi, fungua kifuniko utazame kama vibati vimeshika barafu. Barafu hutokea hewa inapopita kidogo, yaani kwa uchafu, au gesi inapopungua. Usiikwangue kwa kisu, kwani mabomba yale ni laini na ukitoboa umemaliza mashine. Zima upoozaji, acha feni peke yake ipulize saa mbili au tatu, na weka beseni chini. Ikirudi tena wakati chujio na feni ni safi, hapo ni kazi ya fundi wa gesi. Gesi haiishi kama mafuta ya taa. Ikipungua ina maana kuna mahali inavuja, na fundi anayejaza kila mwaka bila kutafuta panapovuja anakula hela yako.

Sikiliza pia sauti. Ikigonga kwa mpigo mmoja mmoja, huenda panga limevunjika au kuna kitu kimeingia. Ikilia kama panya, sehemu inayoshikilia mhimili imekauka au imechakaa. Ikitetemeka ukuta mzima, mara nyingi uchafu umelemea upande mmoja, au fundi wa jana ameosha nusu na kuacha nusu. Lakini ikiunguruma bila kuzunguka, zima mara moja. Ni mota au kapasita yake. Usiisukume kwa kijiti ili ianze, na usiifungue mwenyewe, maana kapasita huweza kushikilia umeme hata baada ya kuzima na kukurusha kutoka kwenye ngazi. Harufu ya plastiki inayoungua, vilevile: zima kwenye swichi kuu, si kwa rimoti.

Matone yanayorushwa kitandani yana sababu mbili kubwa. Ama bomba la kutoa maji limeziba, ama feni ni chafu na inayasomba maji kutoka kwenye vibati na kuyatema. (Maji ya bomba hilo msinywe wala msimpe mtoto. Kuhusu kuyatawadhia, hilo nawaachia masheikh wenu, mimi ni wa kifua.)

Kuosha

Chujio lioshwe kila baada ya wiki mbili, na nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi hata kila wiki. Zima kwenye swichi ya ukutani, fungua kifuniko, chomoa, osha kwa maji ya kawaida na sabuni kidogo, likauke kivulini. Maji ya moto na jua kali hulipinda, likishapinda halikai sawa na vumbi linapita pembeni. Usirudishe likiwa bichi. Kazi yote ni robo saa, na kijana wa darasa la saba anaiweza.

Feni yenyewe ni ya fundi, mara moja au mbili kwa mwaka kwa anayeiwasha kila siku. Na hapa mpasa mwamke, kwa sababu mafundi wengi hupuliza maji mbele ya vibati, wakafuta kifuniko kikang'aa, wakachukua malipo yao. Feni haikuguswa. Mwambie tangu mwanzo kwamba unataka feni ya ndani ioshwe, afunge nailoni chini ya mashine ili uone maji yanayotoka, na akimaliza umulike tochi wewe mwenyewe. Uone nafasi kati ya mapanga. Jiki usikubali, inakula aluminiamu na harufu yake inabana kifua. Siku hiyo mwenye pumu aende kwa jirani, asirudi mpaka chumba kimefunguliwa madirisha na mashine imepuliza tupu kwa muda.

Kwa siku za kawaida kuna zoezi dogo linalosaidia sana. Nusu saa kabla ya kuzima asubuhi, weka alama ya feni peke yake. Hewa ile hukausha ndani, na ukungu hukosa maji. Baadhi ya mashine mpya hufanya hivyo zenyewe, ndiyo maana huendelea kupuliza baada ya kuzimwa.

Kasi na mwelekeo

Joto la nyuzi 24 hadi 26 linatosha kulala. Weka kasi ya juu kwa dakika kumi na tano za mwanzo chumba kipoe, kisha shusha iwe ndogo au uiachie ijichagulie. Kwa pwani kasi ndogo ina faida nyingine: hewa ikipita polepole juu ya vibati huacha maji mengi zaidi, na chumba kinakuwa kikavu badala ya kuwa baridi yenye unyevunyevu. Vibao vya mdomoni vielekee juu wakati wa kupoza, kwa kuwa hewa baridi hushuka yenyewe, na vielekee chini wakati wa kupasha joto, kwa kuwa ya moto hupanda. Kisielekee kitanda cha mtoto wala cha mzee.

Msikitini ambako ninaswali kulikuwa na mgogoro wa mwaka mzima juu ya jambo hili. Wazee wa safu ya kwanza walikuwa wanapigwa na upepo kisogoni, wanataka mashine izimwe. Vijana wa nyuma wanatokwa jasho, wanataka iongezwe. Rimoti ilifichwa, ikapatikana, ikafichwa tena. Mwishowe akakabidhiwa muadhini peke yake. Nilipoomba ngazi nikaona vibao vyote vimeelekea chini na feni iko kasi ya mwisho. Tukavinyanyua, tukashusha kasi, na wazee wakanyamaza. Chujio lilikuwa halijatolewa tangu mashine ifungwe, ilikuwa bado na karatasi ya dukani.

Lakini msikitini na madrasa kuna jambo zito kuliko baridi ya kisogo. Kumbukeni, mashine hii haileti hewa mpya, inazungusha ya ndani. Januari 2020, katika mgahawa mmoja mjini Guangzhou, China, familia tatu zilikaa meza za jirani wakati wa chakula cha mchana, na mmoja wao alikuwa na virusi vya korona. Watu 10 wa familia hizo tatu, pamoja naye, waligundulika kuugua. Wachunguzi waliona meza zile zilikuwa kwenye njia ya upepo wa kiyoyozi kimoja, na hewa mpya haikuwa ikiingia ya kutosha. Kifua kikuu nacho husafiri hewani. Watu mia mbili wa tarawehe katika jengo lililofungwa, na mmoja wao anakohoa, feni inawagawia wote. Acheni madirisha mawili ya juu wazi yanayotazamana, hata kama bili ya umeme itapanda kidogo. Pakiwa na mapumziko, fungueni yote.

Nyumbani, jambo hilo hilo linaua kwa njia nyingine. Nyanda za juu, usiku wa baridi, umeme umekatika, mashine haipashi joto, na mtu anaingiza jiko la mkaa chumbani. Chumba chenye kiyoyozi kimezibwa kila tundu. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, wenye nyumba wanalala na hawaamki. Jiko lisilale ndani hata kama makaa yamefifia. Jenereta pia ikae mbali na dirisha. Kupasha joto kwa kiyoyozi hakuna hatari hiyo kwa kuwa hakichomi kitu, ila ndugu zenu walioko Marekani wanaotumia tanuru la gesi, ambalo feni yake moja husukuma joto wakati wa baridi na ubaridi wakati wa joto, waambieni wafunge king'ora cha gesi hiyo karibu na vyumba vya kulala na wabadilishe chujio kwa wakati.

Nirudi kwa yule mtoto. Shemeji alikwenda Jumamosi na pampu yake na nailoni. Maji yaliyotoka yalijaza ndoo mbili, ya kwanza nyeusi kama wino wa madrasa. Mama akakubali pia kufungua dirisha asubuhi na jioni, na kitanda cha mtoto kikahamishiwa ukuta wa pili. Wiki tatu baadaye alikuwa anakohoa usiku mmoja mmoja. Hakupona, kwa sababu pumu alikuwa nayo na anayo. Amoksilini tumeiacha, anatumia inhela asubuhi na jioni, na mwezi ujao ana miadi ya kupimwa tena kifua.